Shinikizo la Damu la Mtu Aliyesimama



Mwezi uliopita alinijia nyumbani mama mmoja, mke wa sajini mstaafu, akiwa amebeba kopo la unga wa posho. Aliliweka mezani, akatia mkono ndani ya unga, akatoa pakiti ya vidonge iliyofungwa katika mfuko wa nailoni. "Dada yangu," aliniambia, "nimemficha mzee dawa hizi siku nane sasa. Tangu alipoanza kuzimeza ameanguka mara mbili. Watoto wameanza kunong'onezana kwamba baba yao amerudia pombe. Nami nachelea kwamba mara ya tatu atavunjika nyonga."

Nilimwuliza huanguka saa ngapi. Akanijibu kwamba mara zote mbili ilikuwa alfajiri. Mzee huyo, ijapokuwa ameacha jeshi miaka mingi, bado huamka kama mtu asikiaye tarumbeta: hufumbua macho, huruka kitandani, huyo mlangoni. Kufika hatua ya nne au ya tano macho humwingia giza, magoti hulegea, naye hujikuta chini asijue alifikaje hapo. Akilala kitambo kidogo akili humrudia, huinuka, na hukasirika akiulizwa.

Nilimsihi mama yule azirudishe dawa kwa tabibu na kumweleza yote, wala asizitupe. Yaliyofuata nitayasimulia mwishoni. Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo ambalo watu wengi hawalifikirii mpaka siku wanapoanguka. Mtu asimamapo, ni nani aizuiaye damu yake isiteremke yote miguuni? Na dawa hii mpya ya kisukari, ambayo yazidi kuandikwa na madaktari wa nchi nyingi, yaingiaje katika kazi hiyo?

WALINZI WA SHINGONI

Damu ni majimaji, na majimaji hufuata mteremko. Mtu aliyelala anapoinuka na kusimama wima, kiasi cha nusu lita hadi karibu lita nzima ya damu huteremkia miguuni na tumboni. Damu irudiyo moyoni hupungua, nao moyo hauwezi kusukuma kile usichokipokea. Kama mwili usingefanya lolote, ubongo ungepungukiwa na damu katika muda mfupi sana, na kila mtu angezirai kila asubuhi.

Hatuzirai kwa sababu tunao walinzi. Katika kuta za mishipa mikubwa ya shingo, pale kila mmoja unapogawanyika chini ya taya, na katika tao la mshipa mkuu utokao moyoni, zimo ncha za mishipa ya fahamu ambazo huhisi jinsi kuta hizo zinavyotanuliwa na damu. Shinikizo likishuka, kuta hulegea, nazo ncha hizo hupunguza ishara ziendazo sehemu ya chini ya ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo.

Makao makuu hayo hayangoji kuulizwa. Hutoa amri mbili kwa pamoja. Mshipa wa fahamu uutulizao moyo huambiwa ulegeze kamba. Na mishipa ya fahamu ya dharura, ambayo wataalamu huiita simpathetiki, huambiwa ikaze. Mara moyo huongeza mapigo, na mishipa midogo ya damu ya miguu na tumbo hubana. Figo nazo huamriwa kushika chumvi na maji. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hutendeka kabla mtu hajamaliza kuvaa kandambili zake. Mtaalamu wa Ubelgiji, Corneille Heymans, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa uchunguzi wake juu ya walinzi hao wa shingo na wa mshipa mkuu, hasa namna wanavyoiongoza pumzi.

Askari aliyepata kusimama gwaride refu juani anaijua kazi yao, hata kama hakuwahi kuisoma kitabuni. Damu hutuama miguuni, jasho hupunguza maji ya mwili, walinzi huelemewa, na kuruta huanguka kama mgomba. Ndiyo maana wakufunzi wazoefu humwambia kuruta akunje vidole ndani ya viatu na kukaza vigimbi kwa siri: misuli ikikazwa huikamua damu na kuirudisha juu. Polisi wa barabarani asimamaye njia panda tangu asubuhi yampasa ajue ujuzi huo huo.

DAWA ILIYOANZIA GAMBA LA MTI

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha gramu 180 za sukari kila siku, kisha huirudisha karibu yote katika damu, ili isipotee bure katika mkojo. Kazi ya kuirudisha hufanywa na vibebeo vidogo sana vilivyomo ndani ya mifereji ya figo, na aina moja ya vibebeo hivyo hubeba karibu asilimia 90 ya sukari hiyo.

Mnamo mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa katika gamba la mtufaha kitu kichungu walichokiita florizini. Mwaka 1886 daktari wa Ujerumani, Josef von Mering, alionyesha kwamba kitu hicho humfanya mnyama akojoe sukari. Kwa matibabu hakikufaa, kwa kuwa kilisumbua matumbo na hakikuingia vizuri mwilini kwa njia ya kinywa. Lakini fikira yake haikufa. Baada ya miaka mingi wanakemia walitengeneza dawa za jamii hiyo zinazovizuia vibebeo vya figo hasa. Dapagliflozini iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012, na empagliflozini ikafuata mwaka 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza empagliflozini katika orodha yake ya dawa za lazima kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Dawa hizi hutumika pia kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo na wa figo, hata wasio na kisukari.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa hii hupoteza katika mkojo kiasi cha gramu 60 hadi 80 za sukari kwa siku, yaani vijiko vidogo 15 hadi 20. Na sukari haitoki peke yake. Huvuta maji, na chumvi nayo hupungua. Kwa hiyo shinikizo la damu hushuka kidogo: kwa wastani ile namba ya juu hupungua kiasi cha milimita 3 hadi 5 za zebaki.

SHINIKIZO HUSHUKA, MOYO HAUKIMBIZWI

Hapa ndipo wataalamu waliposhangaa. Kwa desturi mtu akipunguziwa maji au akilegezewa mishipa kwa dawa, walinzi wa shingoni hupiga mbiu. Dawa za kuongeza mkojo zilizozoeleka zaweza kuiamsha simpathetiki. Nifedipini ya kufanya kazi upesi hushusha shinikizo kwa ghafla, na mara moyo huanza kwenda mbio. Mwili hudhani umepoteza damu vitani, hivyo hujihami.

Kwa dawa hizi mpya, shinikizo hushuka na maji hupungua, lakini mapigo ya moyo kwa kawaida hayaongezeki. Mwaka 2017 watafiti walichapisha habari za wagonjwa wachache wa kisukari cha aina ya pili waliopewa empagliflozini kwa muda mfupi, kisha wakapimwa kwa sindano nyembamba iliyopenyezwa ndani ya mshipa wa fahamu wa mguu, ili kusikiliza moja kwa moja amri za simpathetiki ziendazo kwenye mishipa ya damu. Njia hiyo ya kusikiliza ilianzishwa Uppsala, nchini Uswidi, katika miaka ya 1960. Ilionekana kwamba ingawa shinikizo la wagonjwa lilikuwa limeshuka, amri za simpathetiki hazikuongezeka kama ilivyotarajiwa.

Sababu yake bado yachunguzwa. Figo hupokea amri kutoka kwa ubongo, nazo hutuma habari kwenda ubongoni. Figo zilizolemewa hupiga kelele ambazo huichochea simpathetiki mwili mzima. Katika majaribio ya panya, dapagliflozini imeonekana kupunguza dalili za uchochezi huo ndani ya figo. Huenda basi figo ikipumzishwa, ubongo nao hupumzika. Hata hivyo panya ni panya, na mtu ni mtu. Tusiigeuze dhana kuwa hukumu.

Kwa nini utulivu huo ni wa thamani? Kwa sababu simpathetiki ni kama mjeledi. Ukitumiwa dakika moja, huokoa maisha. Ukitumiwa mchana na usiku kwa miaka, huuchosha moyo, hukakamaza mishipa na kuziumiza figo, na watu wengi wenye kisukari na unene wanaishi chini ya mjeledi huo bila kujua. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa empagliflozini kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye kisukari cha aina ya pili ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu. Vifo vya maradhi hayo vilipungua kwa asilimia 38 vikilinganishwa na vya waliopewa vidonge visivyo na dawa, na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi kulipungua kwa asilimia 35. Utulivu wa mishipa ya fahamu hutajwa miongoni mwa sababu zinazodhaniwa, pamoja na nyingine kadha wa kadha. Hii ndiyo dawa aliyoificha mama yule ndani ya unga.

WALINZI WENYEWE WAKIWA WAGONJWA

Je, mama yule alikosea? Kwa kuificha dawa, alikosea. Kwa kuona kwamba mzee wake yumo hatarini, aliona sawasawa kabisa.

Kisukari kilichokaa miaka mingi bila kutawaliwa vizuri huila mishipa ya fahamu. Sote tunamjua mtu ambaye nyayo zimekufa ganzi, akakanyaga msumari na asijue. Tusichokijua ni kwamba ugonjwa huo huo huweza kuila mishipa ya ndani: ile ipelekayo amri kwa moyo, kwa tumbo, kwa kibofu na kwa mishipa ya damu. Mgonjwa hushiba haraka kupita kiasi, hutokwa na jasho kwa namna isiyo ya kawaida, hushindwa kumaliza mkojo, au huona nguvu za kiume zimemwacha, jambo ambalo wanaume wengi hulificha hata kwa daktari. Moyo wake huweza kupiga haraka hata akiwa amepumzika, na mapigo yake hayabadiliki sana asimame au alale.

Kwa mtu kama huyo mlinzi yuko langoni, lakini kipaza sauti chake kimekatika. Asimamapo, damu huteremka, shinikizo hushuka, na amri ya kubana mishipa haifiki. Dawa mpya ikimpunguzia maji, haina budi kuzidisha upungufu uliokuwapo, na hasa ikiwa anameza pia dawa nyingine ya kuongeza mkojo, au dawa ya tezi ya kiume inayolegeza mishipa, au amekunywa pombe, au ameharisha, au ameshinda juani. Kila moja kati ya hayo peke yake yaweza kustahimilika. Yakikutana alfajiri katika mwili wa mzee aliyeruka kitandani, humwangusha.

Jambo baya zaidi ni kwamba maradhi haya hujificha mbele ya kipimo. Mgonjwa hufika zahanati, huketi kitini, huvishwa kitambaa mkononi, na namba hutoka nzuri. Mwingine, akiwa amelala, shinikizo lake laweza kuwa juu hasa, ilhali likiporomoka asimamapo. Anayepimwa ameketi tu huweza kuongezewa dawa asizozihitaji, au kuambiwa kwamba kuanguka kwake ni uzee.

NYUMBANI TUFANYEJE

Kwanza, shinikizo lipimwe kwa namna mbili. Mgonjwa alale kwa dakika tano, apimwe. Kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, mtu akiwa karibu naye. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hiyo ni habari ya kumpelekea tabibu upesi, hata kama mgonjwa hasikii kizunguzungu. Mwenye kisukari anayo haki ya kuomba apimwe hivyo. Afande asione haya kumwambia mwuguzi, "Tafadhali nipime na nikiwa nimesimama."

Pili, tuache kuruka kitandani. Mtu afumbue macho, akunje na kukunjua nyayo mara kumi, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Kizunguzungu kikija, akutanishe miguu kama mkasi na kukaza mapaja, au aketi mara moja. Glasi mbili za maji zikinywewa kabla ya kuinuka huweza kuwasaidia wengi wenye tatizo hili; lakini aliyeambiwa apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo aulize kwanza. Taa ndogo au tochi iwe karibu, na ndoo zisiachwe njiani.

Tatu, kizunguzungu cha kisukari kina sura mbili. Sukari ikishuka mno, mtu hutetemeka, huona njaa, hutoka jasho na kuchanganyikiwa, awe amelala au amesimama. Shinikizo likishuka, giza huja asimamapo na huondoka alalapo. Penye kipimo cha sukari kitumiwe. Pasipo nacho, apewe kitu cha sukari akiwa macho, kisha apelekwe kwa tabibu. Dawa hii peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini ikitumiwa pamoja na insulini au vidonge vya zamani vinavyolichochea kongosho, hatari hiyo huongezeka.

Nne, atumiaye dawa hii asiutegemee mkojo kumwambia hali ya kisukari chake. Mkojo wake utaonyesha sukari kila siku, maana ndiyo kazi ya dawa. Kipimo chake ni cha damu. Na kwa kuwa mkojo una sukari, fangasi hupenda sehemu za siri. Usafi kwa maji kila siku ni wa lazima, kwa mume na kwa mke, na mwasho usifichwe.

Tano, ziko siku ambazo dawa hii yapasa kusimamishwa kwa muda: siku za kutapika, za kuharisha sana, za kushindwa kula au kunywa. Siku hizo mgonjwa amwone tabibu bila kukawia, na aliye kwenye insulini asiiache insulini yake. Kabla ya operesheni iliyopangwa, daktari huisimamisha siku tatu au nne mbele. Afungaye Ramadhani au mfungo mwingine aulize mapema. Sababu ni kwamba mwili wenye njaa na upungufu wa insulini huweza kujaa asidi, hata kama sukari ya damu haikupanda sana. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua haraka na kwa nguvu, na uchovu usioelezeka. Hiyo ni safari ya hospitali usiku ule ule, wala si ya kesho.

Sita, vidonge vyote vilivyomo nyumbani vitiwe katika mfuko mmoja na kupelekwa kwa tabibu mara moja: vya sukari, vya presha, vya tezi, na vile alivyopewa na jirani. Mara nyingi kosa halimo katika dawa moja, bali katika idadi yake.

Sasa nirudi kwa sajini wetu. Mkewe alitii, akapeleka kopo zima la unga pamoja na vidonge vyake vingine. Tabibu alimpima mzee akiwa amelala, akapata 138 kwa 80. Alimsimamisha, na baada ya dakika tatu akapata 104 kwa 66, mapigo ya moyo yakiwa karibu yale yale. Ikaonekana pia kwamba alikuwa na kisukari kwa miaka kumi na miwili, na nyayo zake zilikuwa na ganzi muda mrefu asimwambie mtu. Tabibu alimwondolea kidonge cha zamani cha kuongeza mkojo, akamwachia kile kipya, akamwagiza arudi baada ya majuma mawili apimwe tena kwa namna ile ile.

Jumamosi iliyopita nilipita kwao. Mzee alinionyesha kiti alichokiweka kando ya kitanda, akaniambia kwa kunung'unika kwamba siku hizi huamka kama raia. Mkewe alicheka. Lakini jambo lililonigusa ni la mwana wao mkubwa, ambaye alikuwa wa kwanza kuitaja pombe. Mama yule alinieleza kwamba kijana huyo alimwomba baba yake radhi mbele ya wadogo zake, na tangu siku hiyo yeye ndiye aamkaye alfajiri kumletea baba yake maji ya kunywa kabla hajainuka.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema ninyi nyote mlioko makambini, vituoni na majumbani.